Mirathi Ilikuwa Somo la Hiari

Wadogo zangu mnaobaki kazini, mmenisumbua sana niandike. Mara "Mwalimu, tuachie kumbukumbu", mara "Mwalimu, usiondoke na siri zako". Siri gani? Nimefundisha sheria ya mirathi tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi bila msaada wa dukani, na yote niliyoyajua niliyasema kwa sauti kubwa, wengi wenu mkiangalia simu chini ya meza. Lakini haya, leo nimekaa kibarazani kwangu Changamwe, chai ipo, malori ya bandarini yananguruma barabarani kama kawaida yake, na sina mtihani wa kusahihisha. Naandika. Mkitafuta humu habari za vyeo na mishahara mtachoka bure. Vyeo vilipita mbele yangu, vikanisalimu, vikaenda zao.

Siku ya kwanza nilifika kwenye tawi letu la Kisauni nimevaa suti nzito ya kijivu, nguo ya mtu aliyesomea bara akasahau kwao kukoje. Nilipomaliza kupanda ngazi nilikuwa nimeloa chapachapa. Aliyenipokea ni Mwalimu Athumani, mwalimu wa sheria ya bahari, mtu wa kanzu siku za Ijumaa na shati la mikono mifupi siku nyingine zote. Akanitazama toka juu hadi chini, akanivutia kiti karibu na feni.

"Karibu, dada. Umekuja kutufundishia nini?"

"Mirathi."

"Innalillahi," akasema, akashika kifua. "Pole sana."

Nilidhani ananitania. Alikuwa akinitania, ndiyo, lakini ile pole ilikuwa ya kweli pia. Akanieleza mambo ambayo hakuna aliyenieleza nilipokuwa nikiomba kazi. Shahada yetu ya uzamili ya sheria, akasema, ni ya jumla. Mtu haji hapa kuwa bingwa wa kodi wala bingwa wa meli. Anakuja na shahada yake ya kwanza, anakuta meza imeandaliwa, anapakua anachokitaka. Somo la lazima ni moja tu, lile la utafiti, nalo hulichukia wote kwa usawa. Mengine yote ni hiari.

"Vizuri," nikasema. "Mtu asome anachokipenda."

"Vizuri kwa nani, dada yangu? Darasa lisilofikisha wanafunzi watano hufungwa, na mwenye darasa hupelekwa kuwaonyesha wa mwaka wa kwanza maktaba iko wapi. Wewe hapa si mwalimu. Wewe ni muuzaji. Na wallahi, umekuja na bidhaa ngumu."

Hivyo ndivyo nilivyojua habari za siku ya kuonja. Ninyi mmeikuta imezeeka, mnadhani iliandikwa kwenye kanuni za chuo. Haikuandikwa popote. Ni sisi wenyewe tuliianzisha: Jumamosi ya kwanza ya muhula kila mwalimu anafungua darasa lake kwa nusu saa, na wanafunzi wanazunguka kuonja hapa na pale kama watu wanaochagua maembe sokoni Kongowea, wanabonyeza, wananusa, wanaacha. Mwalimu Athumani siku hiyo alikuwa akileta mahamri na mbaazi za nazi alizopika mkewe. Nilipomwambia hiyo ni rushwa, na yeye ni mtu wa sheria, alinijibu kwa upole kabisa kwamba huo ni ukarimu wa pwani na mahakama yoyote yenye akili ingeutambua. Mimi mwaka ule wa kwanza nilileta mhadhara juu ya tofauti ya wosia wa mdomo na wosia wa maandishi. Alikuja mtu mmoja. Alikuwa akitafuta choo.

Msidhani wanafunzi wa uzamili wanachagua masomo kwa hekima. Ni watu wazima, wana kazi, wana watoto, na wanachagua jinsi watu wazima wanavyochagua mambo yote, yaani kwa kukwepa taabu. Nimemwona wakili mwenye jina kubwa mjini akichagua masomo yote ya chumba kimoja kwa sababu ndicho chenye feni inayozunguka. Wa Likoni walikuwa wakikataa somo lolote linaloanza asubuhi, na ukiuliza sababu wanakutajia feri, feri, feri, hata siku ambazo feri imevuka kama malaika. Kulikuwa na mwendesha mashtaka wa polisi aliyechagua haki za binadamu, nikamwuliza imekuwaje, akaniambia amesikia mwalimu wake haiti majina.

Katikati ya soko hilo, mimi na mirathi yangu. Ninyi wa kuja mnaweza msielewe, lakini kwetu huku, Mgiriama, Mdigo, Mrabai kama mimi, Mkristo, Mwislamu, hakuna anayekaa na kuzungumza juu ya kugawa mali ya mtu anayepumua. Ukimtajia baba yako shamba lake litakwenda kwa nani, umemchimbia kaburi na umeshamwonyesha na jembe. Na wa bara waliohamia wana yao hayo hayo, ila wanayasema haraka zaidi. Wakili mzima, kafunga tai, kesho yake anasimama mahakama kuu, ananiambia kwa kunong'ona: "Mwalimu, somo lako zuri, lakini mzee wangu akisikia nimelichagua!" Angelazimishwa, angelisoma na kulifaulu. Ni ule uhuru wa kuchagua uliokuwa ukimtisha.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Athumani yule yule mwenye mahamri. Nadhani aliona haya kunimaliza kabisa. Siku moja akaniambia, "Dada, watu wanamwogopa maiti wako kwa sababu humleti darasani. Mlete wamwone." Nikamwambia basi awe yeye. Akaingia darasani kwangu, akakaa kwenye kile kiti cha mbao chenye mikono kilichotupwa na ofisi ya bodi, akafumba macho, akakunja mikono, akafa. Wanafunzi wakagawana mali yake yote mbele yake, nyumba, gari, mpaka friji. Walipofika kwenye friji alikuwa anakoroma kweli. Darasa lilicheka hadi wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini, na muhula uliofuata nilipata wanafunzi wangu watano bila kukanda hata unga.

Tangu hapo kikawa ndicho kitendea kazi changu. Kila muhula mwanafunzi mmoja anakuwa marehemu, wenzake wanakuwa wajane, watoto, ndugu, wadai, chifu, na mmoja anakuwa jaji. Sheria za kiti ni chache: marehemu hasemi, marehemu hacheki, marehemu hasaidii. Mnisikilize vizuri ninyi mtakaokirithi. Mtu akikaa pale akasikia wenzake wakimsemea uongo, akajua ukweli na asiweze kuutoa, ndipo anapoelewa kwa nini tunasumbuka na wosia. Mimi kwa maneno matupu sikuweza kumfikisha mtu hapo. Na ukoo wa marehemu uchoreni ubaoni kwa chaki, msichore kwenye kompyuta. Mtu mwenye chaki mkononi husimama, hufikiri, huwageukia wenzake akauliza. Mwenye kompyuta hubonyeza tu.

Sasa nakuja kwa Kadzo, maana najua ndiye mnayetaka habari zake, na habari mlizozipata kwenye korido zimetiwa chumvi hadi hazilambiki.

Kadzo alikuja kwetu nikiwa nimeshaanza kuhesabu kustaafu. Wakili kijana, ana ofisi ya mlango mmoja kule Mjambere, baina ya kinyozi na duka la gesi, na wateja wake wengi ni wajane wanaofukuzwa kwenye nyumba walizojenga wenyewe. Siku ya kuonja hakuonja popote. Alipita harufu ya mbaazi za Mwalimu Athumani bila hata kugeuza shingo, akaja kukaa mbele yangu.

"Mimi ni Kadzo, kifungua mimba wa Mzee Karisa wa Mwakirunge," akasema, kama mtu anayetaja ubalozi. "Nimekuja kuchukua mirathi."

Nikampenda hapo hapo. Alikuwa wa tano wangu pia, sitawaficha.

Alisoma vizuri wiki za mwanzo. Alikuwa na ule ubishi wa watoto wa kwanza, wanaodhani dunia isiposimamiwa na wao itamwagika. Kisha Jumamosi moja akaja macho yamevimba, akangoja wenzake watoke.

"Mwalimu, baba yangu hanipokei tena."

Ilikuwa hivi. Jumapili baada ya ibada alikwenda Mwakirunge kumsalimu baba yake, kama afanyavyo kila wiki. Mama yao alishatangulia mbele ya haki, mzee anaishi na mjukuu, na machimbo yake madogo ya mawe ya kujengea bado yanamwingizia riziki. Siku hiyo palikuwa na wageni kutoka kanisani. Mzee, kwa kujivuna, akamwita bintiye mbele yao. Wakili wangu huyu, akawaambia, anasoma shahada ya pili. Waambie, mwanangu, unasoma sheria gani?

"Nikasema mirathi," Kadzo akaniambia. "Kikombe chake kikabaki hewani. Akaniuliza, chuo ndicho kilichokupangia? Mwalimu, mimi mjinga, nikafurahi, nikataka wageni wajue shahada yetu ni huru. Nikasema hapana, baba, masomo yapo mengi, hili nimelichagua mwenyewe."

Lo! Nilishika kichwa. Mtoto wa watu, wakili mzima, kasimama mbele ya kanisa akamwambia baba yake kwamba katika yote yaliyoko chini ya jua, bahari, kodi, mabenki, ardhi, yeye kwa moyo wake mkunjufu kachagua kusoma jinsi ya kumrithi.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Basi mimi nikifa usihangaike, utakuwa umeshafaulu mtihani.' Akainuka akaingia ndani. Jumapili iliyofuata nilimkuta mlango umefungwa, na yumo ndani, namsikia anakohoa. Nimempigia shikamoo dirishani, hakuitika. Mwalimu, mama nimeshamzika. Baba akinikatia radhi nitabaki na nani?"

Tulifanya kilicho karibu: nikamruhusu ahame. Roho iliniuma, maana darasa langu lingeshuka hadi wanne, lakini sikuwa tayari kuendesha darasa kwa machozi ya mtu. Akahamia sheria ya bahari. Mwalimu Athumani alimpokea na hamri la moto, na mimi akanipita koridoni akiimba. Kadzo akampelekea baba yake habari kupitia kwa mjukuu: nimeliacha lile somo. Jibu likarudi siku hiyo hiyo kwa njia ile ile: "Kaliacha kwa kuwa kashajua alichotaka kukijua."

"Mzee huyu," akasema Mwalimu Athumani tulipomhadithia, "angefaa kuwa jaji wa rufaa." Na siku ile ile akamrudisha Kadzo kwangu kwa mkono wake, kabla dirisha la kubadilisha masomo halijafungwa. Alisema hawezi kumfundisha mtu habari za meli huku analia, maji yatazidi.

Basi Kadzo akaniomba jambo moja. Niende Mwakirunge, mimi, mtu mzima mwenye mvi, nimwambie baba yake kwamba mirathi ni somo la lazima. Uongo mdogo tu, Mwalimu. Nikamwambia nitakwenda. Kusema nini, nikamwambia, tutaona.

Mwalimu Athumani alinishauri nisivae nyeusi. Nikavaa leso ya maua mabegani, nikapanda tuktuk kutoka barabara kuu, nikapigwa vumbi la mawe hadi nikafika nimepauka mithili ya mtu aliyepakwa unga. Upepo ulikuwa ukileta moshi wa jaa. Mzee Karisa nilimkuta mlangoni kwake ameinamia toroli, anafunga gurudumu kwa waya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Wewe ndiye mwalimu wa vifo?"

"Mimi ni mwalimu wa walio hai, baba. Waliokufa hawajawahi kuja kujiandikisha, na nawahitaji sana, darasa langu dogo."

Waya ukasimama. Akanitazama. Ana macho makali yule mzee, ya mtu aliyezoea kugonga jiwe akajua litapasukia wapi.

"Keti," akasema. "Niambie jambo moja. Hilo somo, ni la lazima?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umevaa na viatu. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima. Lakini nilipomtazama nikaona ananiuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na nikaona nikimdanganya nitakuwa nimemdharau nyumbani kwake.

"La, baba. Ni la hiari. Masomo yamejaa tele. Yeye kachagua hili."

"Kwa nini?"

"Si umwulize mwenyewe?"

"Nikimwuliza," akasema taratibu, "atanijibu."

Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye hasira, nikayaacha yapite. Mjukuu akaleta maji ya madafu, nikanywa. Kisha mzee akasafisha koo.

"Nasikia huko mna maiti."

Kumbe alikuwa akifuatilia! Nikamweleza kiti, nikamweleza sheria zake, nikamweleza Mwalimu Athumani alivyokoroma akigawiwa friji. Mzee Karisa akacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, hadi akashika toroli.

"Na maiti akisikia uongo?"

"Ananyamaza. Hana la kufanya."

"Na muhula huu maiti ni nani?"

"Hatujampata. Wanasukumana."

Akaokota kipande cha waya, akakikunja, akakikunjua. "Nitakuja mimi," akasema. "Kama binti yangu kajifunza kunizika, anizike nikiona. Na aseme yeye, asiseme mwingine. Si ndiye aliyechagua?"

Mwalimu kijana angesita. Angeuliza kama kuna kanuni, kama bima ya chuo inamkinga mgeni anayekufa kwa muda. Mimi nilikuwa nimebakiza muhula mmoja, mtanifanya nini? Nikampa mkono.

Jumamosi ile habari ilikuwa imeshaenea. Chumba kilijaa hadi watu wa kodi, wale wasiokuwa na hamu na kitu chochote. Mwalimu Athumani alikuja na kiti chake mwenyewe na mfuko wa mahamri, eti kila matanga lazima yawe na chakula. Mzee Karisa aliingia kavaa suti yake ya kanisani, viatu vimeng'aa juu ya vumbi lililogoma kutoka, akawapa watu mkono mmoja mmoja. Kwa Kadzo alipita. Akakaa kwenye kiti, akafumba macho. Alikufa vizuri kuliko wote niliowahi kuwaona.

Yule mwendesha mashtaka wa polisi ndiye aliyekuwa jaji, na alikuwa amejifunga kitambaa cha meza begani. Kadzo akasimama ubaoni, chaki mkononi. Kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti iliyopata miguu, akaanza kama nilivyomfundisha: marehemu ni nani, kafa akiishi wapi, hakuacha wosia. Akamchora baba yake juu. Pembeni akamchora mama yake, akaandika kuwa alitangulia. Hapo nilimwona mzee kope zinachezacheza, lakini hakufumbua. Akachora watoto: Kadzo, Charo, Dama, Katana. Akageuka kwa jaji.

"Mheshimiwa, marehemu ameacha watoto wanne. Kwa mujibu wa sheria mafungu yao ni sawa, wa kike na wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Mimi kama mtoto wa kwanza naomba niteuliwe kusimamia, si kwa kuwa nataka kingi, ila kwa kuwa..."

Marehemu alikuwa amenyoosha mkono.

Watu wakaanza kucheka. Mkono ulikuwa juu kabisa, wa mchonga mawe, mpana, vidole vyote vitano vimetanuliwa.

"Marehemu," nikasema, na mimi nikijizuia kucheka, "shusha mkono. Marehemu hasaidii."

Hakuushusha.

"Baba," Kadzo akasema, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ile Jumapili ya dirishani, "tuko wanne. Umejihesabu na wewe."

Mkono ukabaki pale pale. Vicheko vikapungua kimoja kimoja. Mwalimu Athumani aliacha hamri mdomoni bila kulitafuna. Mzee Karisa akafumbua macho, lakini hakumtazama bintiye. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, naomba nifufuke kidogo."

Nimesimamia mahojiano ya tasnifu, nimesimamia mitihani iliyovuja na isiyovuja, na sikuwa na kanuni ya jambo hilo. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kuna mmoja Likoni," akasema. Mkono ungali juu. "Nilimpata kabla sijamwoa mama yenu, wakati nikipeleka mawe ng'ambo. Mama yake hakutaka kuja kukaa kwenye vumbi, na mimi sikuweza kuondoka kwenye machimbo. Mtoto sikumtupa. Nimekuwa nikivuka kwenda kumwona, nawaambia ninyi nimekwenda kwa wateja."

Ningeweza kusimamisha darasa. Ninyi mngelisimamisha, na pengine mngekuwa mmefanya sawa. Mimi nilimtazama Kadzo, nikamwona bado ameishika chaki, nikamwachia.

"Kabla ya mama," Kadzo akasema. "Basi ni mkubwa kwangu."

"Ni mkubwa."

"Anaitwa nani?"

"Mtoto wa kike wa kwanza angeitwa nani tena? Nilimpa jina la mama yangu."

Kulikuwa na watu wa bara mle ndani, wakawa wanatazamana hawajaelewa. Sisi wa huku, ambako binti wa kwanza hupewa jina la bibi yake mzaa baba, tulikuwa tumeshaelewa. Kadzo akaishusha chaki.

"Na mimi je?"

"Wewe ulipozaliwa mama yako naye alitaka jina la mkwewe. Ningemkatalia kwa sababu gani? Ningemwambia nini?" Sasa mzee akamtazama bintiye. "Uliposema umechagua mirathi mbele ya watu, nilijua umeshasikia habari zake. Nikasema, mwanangu kaenda kusomea jinsi ya kuniuliza."

"Baba, mimi sikujua lolote. Nilichagua kwa ajili ya wale wajane wa ofisini kwangu."

"Naona. Naona sasa."

"Yeye ananijua?"

"Anakujua. Sherehe yako ya uwakili alikuja. Nikawaambia watu ni mteja wa mawe."

Kadzo akaweka mkono juu ya ubao kujishikilia. "Yule aliyenikumbatia akalia? Aliyelia hadi shangazi wakauliza mteja gani huyu?"

"Ndiye."

Yule jaji wetu wa polisi alikuwa amekivuta kile kitambaa cha meza anajifutia uso, na mimi nilikuwa natafuta leso yangu siioni. Nilifikiri Kadzo atatoka. Mlango ulikuwa wazi, na asingepata wa kumlaumu. Akageuka akatuonyesha mgongo. Kisha akalifuta jina lake pale lilipokuwa, akaandika, akaandika tena kando yake, akatugeukia uso umelowa.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba kurekebisha. Watoto wa marehemu ni watano. Wa kwanza ni Kadzo Karisa, wa Likoni. Wa pili..." Akasimama. Akaanza upya. "Wa pili ni mimi."

Mzee Karisa akashusha mkono.